Chombo, Nahodha na Abiria: Bunilizi za Kisayansi na Mabadiliko ya Zama kwa Mtazamo wa Mkongani

1. Utangulizi

Imezoeleka kusemwa, katika semina na hata katika tasnifu, kwamba fasihi ya Kiswahili haina bunilizi za kisayansi. Hoja inayotolewa ni nyepesi: utanzu huu ni mtoto wa viwanda, na kwa kuwa viwanda havikuzaliwa kwetu, mtoto wake naye hawezi kuwa wetu. Zinapotajwa kazi ambazo zina safari za angani, sayari ngeni au maangamizi ya ulimwengu, mhakiki huharakisha kuziita sitiari, istiara au uhalisiajabu, kisha akarudi kwenye maudhui aliyoyazoea ya ufisadi na ukoloni mamboleo. Makala haya yanapinga mkabala huo. Tunadai kwamba bunilizi za kisayansi za Kiswahili zipo, kwamba zina historia inayoweza kufuatwa zama kwa zama, na kwamba uzi unaoiunganisha historia hiyo ni swali moja la kiutendaji: chombo ni cha nani, nani nahodha na nani abiria?

Swali hilo tunaliuliza tukiwa mahali mahususi, yaani Mkongani, katika Matuga, Kaunti ya Kwale. Hatudai kwamba Mkongani imeandikiwa riwaya. Tunachodai ni kwamba kila msomaji husoma akiwa amesimama mahali, na kwamba utanzu unaozungumzia wakati ujao husomeka tofauti kwa mtu aliyesimama katika vilima vya Kwale kuliko kwa yule aliyesimama London au Chicago. Kazi tutakayoishughulikia zaidi ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwandishi Mmijikenda wa Ribe, Kilifi. Nyingine tutazipitia kwa kadiri zinavyoisaidia hoja.

2. Istilahi na mpaka wa utanzu

Kwa bunilizi za kisayansi tunamaanisha masimulizi ya kubuni ambayo ulimwengu wake unatofautiana na wetu kwa sababu ya jambo jipya linaloweza kuelezwa kwa akili: chombo, ugunduzi, mpangilio mwingine wa jamii. Darko Suvin (1979) aliuita mwendo huu ugeni wa kiutambuzi: msomaji anageuziwa ulimwengu wake uwe mgeni, lakini ugeni huo unamtaka afikiri, si ashangae tu. Hapo ndipo utanzu huu unapoachana na ngano za mazimwi, ambako zimwi halidaiwi maelezo.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya kazi zetu ni uhaba wa sayansi ndani yake. Chombo cha Walenisi, husemwa, hakielezwi mitambo yake. Pingamizi hili si geni wala si la kwetu peke yetu. Mwaka 1903 Jules Verne alimlaumu H. G. Wells kwa kosa lilo hilo: yeye Verne, kwa madai yake, alitumia fizikia, ilhali Wells katika The First Men in the Moon (1901) alibuni tu madini yanayokataa mvutano wa dunia. Lau lawama ile ingekubaliwa, Wells angefukuzwa katika utanzu ambao leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wake. Kigezo basi si wingi wa nati na bolti. Kigezo ni kazi ambayo chombo kinafanya katika muundo wa hadithi.

3. Chombo kinachopita juu ya vichwa vyetu

Wanahistoria wengi wa utanzu huanzia Frankenstein (1818) ya Mary Shelley. Kwa msomaji wa pwani yetu, hata hivyo, kuna tarehe nyingine yenye uzito: 1863, mwaka ambao Verne alichapisha Cinq semaines en ballon, riwaya iliyomtangulizia umaarufu. Puto la Dakta Fergusson linapaa kutoka Unguja na kuvuka bara zima kuelekea magharibi. Yaani moja kati ya safari mashuhuri za mwanzo za utanzu huu inaanzia katika Uswahili. Lakini inaanzia hapa kama gati tu. Puto likifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, wenyeji wanalidhania kuwa ni mwezi ulioshuka, na abiria wake wanapokewa kama wana wa mwezi. Hadaa hiyo inadumu mpaka mwezi wa kweli unapochomoza.

Tukio hili linastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko ambavyo huenda mwandishi wake alikusudia. Wenyeji wa Verne wameumbwa wawe wajinga, lakini ndio pekee katika sura ile wanaolinganisha dai na ushahidi: wameambiwa kuwa puto ni mwezi, wameuona mwezi, wamekata shauri. Utambuzi upo upande wa walio chini. Kilichokosekana kwao ni chombo, wala si akili.

Zama za Verne zilikuwa za wapelelezi; zama za Wells zikawa za watawala. The Time Machine ilitoka mwaka 1895. Mwaka huohuo Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika ya Mashariki, na mnamo Agosti kikosi cha Admeri Rawson kikaishambulia na kuiteka Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika bara ya Kwale. Miaka 3 baadaye Wells alichapisha The War of the Worlds, riwaya inayowageuzia Waingereza kibao: safari hii wao ndio wanaoshukiwa na wageni wenye silaha zisizojulikana, na Wells mwenyewe anawakumbusha wasomaji wake yaliyowapata Watasmania. Msomaji wa London alihitaji Wamirihi ili aionje hali hiyo. Kwa msomaji wa Kwale hali hiyo ilikuwa taarifa ya juzi.

4. Chombo kilichotabiriwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba upande wa waliopitiwa juu kulikuwa kimya. Katika fasihi-simulizi ya Wamijikenda yapo masimulizi yanayonasibishwa na Mepoho, nabii wa kike wa Wagiriama, ambaye alitabiri kuja kwa wageni wenye nywele mithili ya katani, pamoja na vyombo vitakavyopita nchi kavu, majini na angani. Utabiri huo ulikuwa sehemu ya kumbukumbu ya jamii wakati Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kukataa amri za Waingereza mwaka 1913 na 1914.

Hatusemi kwamba Mepoho alitunga bunilizi za kisayansi. Utabiri ni utanzu mwingine, wenye mamlaka yake na muktadha wake wa utendaji. Tunachosisitiza ni kwamba mawazo ya Kimijikenda kuhusu wakati ujao yalikuwa tayari yamejengwa juu ya taswira ya chombo, na kwamba chombo hicho kilikuwa na mwelekeo mmoja: kinatoka nje, kinakuja kwetu, na sisi si nahodha wake. Mwandishi Mmijikenda wa karne ya 20 aliyeamua kuandika juu ya safari za angani alirithi taswira hii hata kabla hajaufungua ukurasa mmoja wa Wells.

Shule ya kikoloni haikuongeza mengi katika urithi huo. Miongoni mwa tafsiri za Frederick Johnson zilizosomwa na vizazi vya wanafunzi ni Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929) na Safari za Gulliver (1932). Ya kwanza ilimfundisha mwanafunzi kwamba bara lake ni ghala la hazina za wengine. Ya pili ilimpa kitu chenye manufaa zaidi, yaani umbo la safari ya kwenda nchi za kubuni ili kuihukumu nchi halisi.

Shaaban Robert alilitumia umbo la aina hiyo kwa ustadi katika Kusadikika (1951). Nchi yake inaelea angani. Karama, mshitakiwa, anajitetea mahakamani kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuiponya nchi, na wakalipwa adhabu. Tunaomba msomaji ayakumbuke mambo 2 hapa. Kwanza, hadithi inaanzia kizimbani. Pili, safari za wajumbe hazina mtambo. Mwaka 1951 anga katika Kiswahili ilikuwa bado mahali pa maadili.

5. Chombo kinachoondokea kwetu

Mambo yalibadilika upesi. Sputnik ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957, Gagarin akaizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, na tarehe 20 Julai 1969 wanadamu wakatua mwezini. Kwa wasomaji wengi wa Afrika hizi zilikuwa habari za redioni. Pwani ya Kenya, hata hivyo, ilikuwa na jambo lake la ziada. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 Waitalia, kwa ushirikiano na Wamarekani, walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Iliitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na uchunguzi wake ulisaidia kukitambua kile kinachoitwa Cygnus X-1, ambacho baadaye kilikuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi.

Ngomeni na Ribe, nyumbani kwa Katama Mkangi, zilikuwa katika wilaya moja ya Kilifi. Hatuna haja ya kudai kwamba jukwaa lile lilimwathiri moja kwa moja. Yatosha kuona kejeli ya kihistoria: neno uhuru limepaa angani kutoka bahari ya Kilifi, limebeba maarifa ya kweli kwa faida ya wanadamu wote, na bado nahodha si mwenyeji. Kile ambacho Verne alikibuni, gati la Waswahili na chombo cha wengine, sasa kilikuwa kimetimia kwa chuma na moto.

6. Walenisi: mfungwa anashika usukani

Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Riwaya zake za awali, Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), zilikwisha kumtambulisha. Mwaka 1986, katika msako dhidi ya waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mbele ya mahakama. Walenisi ilitoka mwaka 1995, baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika (1991), baada ya Kenya kurejea katika mfumo wa vyama vingi (1991) na kufanya uchaguzi wa mwaka 1992 ambao haukuiondoa serikali iliyokuwapo. Ulikuwa wakati ambapo wengi waliokuwa wameota jamii ya usawa walikuwa wakiombwa radhi zao. Mkangi aliuchagua wakati huo kuandika utopia.

Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kufa na utawala wa nchi yake. Anatiwa katika chombo cha angani ambacho kimekusudiwa kiwe kaburi lake. Lakini badala ya kufa anajifunza kukiongoza, na anafika katika sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina la sayari likikatwa vipande ni sentensi: wale ni sisi.

Riwaya hii, kama Kusadikika, inaanzia kwenye hukumu. Tofauti ni kwamba Karama anajitetea kwa maneno mbele ya mahakama inayoweza kushawishika, ilhali Dzombo hana tena mahakama ya kuishawishi. Miaka 44 iliyopo kati ya vitabu hivi viwili imeondoa imani katika hakimu na mahali pake imeweka mtambo. Hii ndiyo sababu tunakataa kulifanya chombo kuwa pambo la sitiari. Kikiondolewa, hadithi haibaki hadithi ileile yenye vazi jingine. Inabaki hadithi ya mtu aliyenyongwa. Katika utawala unaofunga watu bila kesi, maarifa ya kiufundi ndiyo tofauti kati ya adhabu na ukombozi: chuma ni kilekile, mwendo ni uleule, ila aliyemo ndani amejua usukani uko wapi.

Hapa pia ndipo Mkangi anapoipindua taswira ya Mepoho. Katika utabiri chombo kinakuja kikiwa na wageni. Katika Walenisi chombo kinaondoka kikiwa na mwenyeji, tena mwenyeji aliyetupwa. Na jina la mwenyeji huyo linatuleta Kwale. Dzombo ni mlima na msitu wa kaya ulio kusini mwa Kwale, upande wa Lunga Lunga. Ramani nyingi huuandika Jombo. Mpishano wa sauti dz na j ni wa kawaida kati ya lugha za Kimijikenda na Kiswahili, kama madzi na maji. Kwa sikio la Kiswahili, jombo ni ukubwa wa chombo. Hatutaki kumtia mwandishi kinywani neno ambalo hakulisema, lakini maana hiyo imo katika lugha yenyewe: katika jina la abiria limo tayari jina la kinachombeba, na matamshi ya dz yanatuambia ni sikio la nani lililolisikia kwanza.

Udhaifu wa riwaya haupaswi kufichwa. Walenisi ni sayari inayoelezwa zaidi kuliko inavyoishiwa. Mwanasosholojia mara nyingi anamtangulia msanii, na mijadala inarefuka hata mwendo wa hadithi ukapwaya. Kasoro hii ni ya kawaida katika utopia, kwa kuwa jamii isiyo na mgogoro humnyima mtunzi kiini cha msuko. Hata hivyo sentensi iliyofichwa katika jina la kitabu haikubali kutulia. Wale ni sisi inaweza kusomwa kama faraja: wenye usawa ni sisi wenyewe tukitaka. Inaweza pia kusomwa kama shitaka: watesi nao ni sisi.

Usomaji huu wa pili ulipata uzito wa kutisha miaka 2 tu baada ya kitabu kutoka. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na machafuko yakaenea hadi Kwale. Watu waliotoka bara waliuawa na wengine wakafukuzwa makwao. Tume ya Akiwumi ilikuja kuyachunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya miaka ya tisini. Kwa muda pwani ya kusini ilikuwa mahali ambapo kusema nani ni wale na nani ni sisi kulikuwa suala la uhai na kifo. Mnamo Desemba ya mwaka huohuo Mkangi aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress, akashindwa vibaya. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Ni wachache miongoni mwa watunzi wa utopia, popote duniani, waliowahi kuomba kura ili waijenge.

7. Baada ya Walenisi: chombo kinatoweka, maji yanabaki

Riwaya zilizofuata zilikwenda njia nyingine. Tayari Kezilahabi, katika Mzingile (1991), alikuwa amemfikisha msomaji katika dunia iliyoteketea. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anamchukua K, kigogo aliyeshiba, katika safari anayoongozwa na mzimu wa babu yake. K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anampitisha msafiri wake katika dunia iliyofanywa kijiji, huku P. P. akivuta nyuzi. Katika kazi hizi hakuna usukani wa kushika. Badiliko hili lina mantiki ya zama: utandawazi ulijionyesha kama nguvu isiyo na chumba cha nahodha, na fasihi ikaujibu kwa mzimu na jinamizi. Kwa kigezo chetu, kazi hizi zimesimama mpakani mwa utanzu, na si aibu kukiri hivyo.

Chombo kilirudi kwa njia ya filamu. Katika Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, Afrika ya Mashariki ya baadaye imekauka. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, maji yanapimwa kwa tone, na Asha anatoka nje kwenda kuotesha mbegu. Kwa mtazamaji wa Nairobi hilo ni onyo. Kwa mtazamaji wa Mkongani kuna kitu kinachojulikana zaidi ndani yake: maji ya chemchemi za Marere katika Shimba Hills yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba tangu zama za ukoloni. Swali la Asha, kwamba maji ni ya nani, halihitaji karne nyingine ili liulizwe.

Na liko jambo la mwisho ambalo usomaji wa mahali hulifunua. Kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 mchanga wa Kwale ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium kwa ajili ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ukasafirishwa kwa meli kupitia Likoni. Titani ni madini ambayo mawazo ya watu wengi huyahusisha na ndege na vyombo vya angani. Kwa kweli sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo duniani huishia kuwa weupe wa rangi za kupakia kuta. Bunilizi za kisayansi za Magharibi mara nyingi huanza chombo kikiwa kimekwisha kuundwa. Kwale inamlazimisha mhakiki aanze hatua moja nyuma: chuma cha chombo kilitoka kwa nani, na shimo lililobaki ni la nani?

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya bunilizi za kisayansi, ikifuatwa kutoka pwani ya Kenya, si historia ya kuiga. Ni historia ya kupigania usukani. Mwaka 1863 chombo kilipita juu. Katika utabiri wa Wamijikenda kilisubiriwa. Mwaka 1970 kiliondokea baharini kwetu kikiitwa Uhuru. Mwaka 1995 mfungwa mwenye jina la mlima wa Kwale alikishika. Na tangu mwanzo wa karne hii fasihi yetu imekuwa ikiuliza iwapo usukani bado upo.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo 2. Kwanza, Walenisi ifundishwe ndani ya utanzu wake, pamoja na Kusadikika kwa upande mmoja na Wells kwa upande wa pili, badala ya kutajwa kwa haraka chini ya riwaya za kisiasa. Pili, utafiti wa masimulizi ya utabiri wa Wamijikenda ufanywe na watafiti wa fasihi, si wanahistoria peke yao, kwa kuwa ndani yake mna nadharia ya wakati ujao ambayo haijasomwa kama nadharia. Kuendelea kusema kwamba Kiswahili hakina bunilizi za kisayansi ni kumrudisha Dzombo katika chombo kama maiti, baada ya yeye mwenyewe kukwisha jifunza namna ya kukiendesha.